Maneno Chini ya Picha

Ukisimama kwenye gati la zamani la Kigongo, upande wa Misungwi, ukaelekeza kamera magharibi, daraja linajaza fremu yote. Kilomita 3 za zege na nyaya zinakatiza Ghuba ya Mwanza mpaka Busisi, wilayani Sengerema. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi Desemba 2019, na Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua tarehe 19 Juni 2025, likiwa limepewa jina la mtangulizi wake. Kabla ya siku hiyo, gari lililotoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita kwa njia hii lilipanga foleni hapa kusubiri kivuko.

Foleni ile ndiyo iliyoijenga Kigongo. Abiria aliyekwama ndani ya basi saa nzima, na siku nyingine zaidi ya hapo, lazima anunue kitu: sato wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, karanga, ndizi mbivu, maji ya chupa. Wauzaji walikimbia sambamba na mabasi, sinia kichwani au beseni mkononi, wakijadiliana bei dirisha kwa dirisha. Sasa mabasi yanapita juu kwa dakika chache. Baadhi ya wauzaji wamehamishia biashara kwenye barabara ya daraja, wengine wamerudi shambani, na wachache wamebaki palepale.

Mmoja wa waliobaki ni mama wa makamo anayekaanga samaki. Anamchana sato mara tatu kila ubavu, anamsugua chumvi mpaka ndani ya michano, kisha anamteremsha karaini akianzia mkia, polepole, mafuta yasimrukie. Moshi ukipanda, nguzo za daraja zinaonekana nyuma yake kama zimetoka karaini. Kila mpiga picha anayefika Kigongo anaiona picha hii, nami nimeipiga. Ni picha nzuri, na ndiyo maana nataka tuizungumzie.

Chini ya picha hiyo shirika la kwanza litaandika: "Mjasiriamali wa Kigongo akiendelea na biashara yake karibu na daraja jipya linalounganisha Mwanza na mikoa ya magharibi." Shirika la pili litaandika: "Mama wa Kigongo, mmoja wa waliopoteza riziki baada ya vivuko kusimama." Hakuna neno la uongo katika sentensi zote mbili. Mtazamaji wa sentensi ya kwanza atamwona mama aliyejaa matumaini, na wa sentensi ya pili atamwona mama aliyetupwa kando. Macho ni yaleyale, karai ni lilelile. Mwenyewe ukimuuliza, anasema mauzo yameshuka sana tangu daraja lifunguliwe, na kwa pumzi hiyohiyo anasema anamshukuru Mungu kwa daraja, maana dada yake wa ng'ambo akizidiwa sasa anafikishwa Hospitali ya Bugando bila kusubiri kivuko. Hayo mawili hayagombani kichwani mwake. Yanagombana kwenye ofisi za wanaonunua picha.

Watu wengi wanaotaka kuingia katika kazi hii ya kupigia picha mashirika ya misaada huniuliza kuhusu kamera, lenzi, na namna ya kupata wateja. Hayo yana sura zake. Sura hii inahusu mistari mitatu au minne inayokaa chini ya picha, kwa sababu katika miaka yangu ya kazi Kanda ya Ziwa nimeona kwamba madhara makubwa kuliko yote hufanyika pale, na mara nyingi hufanyika baada ya mpiga picha kwenda kulala.

Kazi yenyewe huanza hivi. Shirika linakutumia hadidu za rejea na orodha ya picha linazozihitaji: mama na mtoto kisimani, mkulima akitabasamu, mvuvi machweo. Unapewa siku mbili au tatu, gari, na ofisa mawasiliano wa kuongozana naye. Mnafika kijijini mkiwa mmechelewa, mwenyekiti wa kitongoji anawasubiri na watu aliowachagua mwenyewe. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Umekuja na hawa wa shirika?" Katika swali hilo kuna jambo ambalo mpiga picha mchanga hulipuuza: mama ameshajua ni nani anayelipa, na ameshaanza kupima aseme nini. Kwa hiyo katika daftari langu, kabla ya jina lake, naandika nani aliyetuleta na nani aliyekuwa amesimama karibu tulipokuwa tukizungumza. Msomaji wa mwisho hataliona hilo, ila mimi nikikaa kuandika maelezo usiku najua uzito wa kila neno nililoambiwa.

Baada ya hapo ndiyo jina, kama yeye anavyotaka liandikwe. Usukumani mtu anaweza kuwa na jina la kanisani, jina la ukoo, na jina la mtoto wake wa kwanza ambalo ndilo mtaa mzima unamwitia. Muulize lipi litumike, na muulize lisomwe na nani. Kisha umri kama anaujua, kitongoji, kijiji na wilaya, alichokuwa akifanya kamera ilipomkuta, alichokifanya kabla yake, na atakachokwenda kukifanya baadaye. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linalomtoa mtu kwenye picha na kumrudisha kwenye maisha yake. Maelezo hayo unayaandika ndani ya faili lenyewe la picha, kwenye sehemu iliyotengwa kwa ajili ya jina, tarehe, mahali na haki miliki, ili picha ikihama kutoka kompyuta hadi kompyuta ihame nayo. Maelezo yaliyobaki kwenye barua pepe hupotea ndani ya wiki.

Fomu ya ridhaa ni habari nyingine. Nyingi huandikwa Kiingereza na kutiwa dole gumba na mtu ambaye hajui amekubali nini. Mimi huanza na simu: namwonyesha bango, ripoti, ukurasa wa mtandaoni, namwambia picha yake inaweza kukaa hapo kwa miaka na mtu yeyote akaiona, pamoja na watu wa hapahapa kijijini. Watu wengi hawajali sana Ulaya itawaona vipi. Wanajali jirani, wakwe, na mume waliyeachana naye. Mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, nilikutana na dada mmoja aliyekubali kila kitu mpaka niliposema picha itakuwa mtandaoni. Alikuwa na deni la kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, mjini, na mkopeshaji hakujua alikohamia. Hakuna fomu yenye kisanduku cha sababu kama hiyo, na hakuna namna ya kuijua isipokuwa kukaa chini na kueleza kwa lugha inayoeleweka, Kiswahili au Kisukuma, kisha kunyamaza kidogo.

Kanda yetu imewahi kulipia vibaya picha zilizokosa maneno sahihi. Hatukuwa wa kwanza. Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1943 na kuanzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, ndiye aliyepiga zile picha za njaa ya Ethiopia kule Korem mwezi Oktoba 1984, akiwa na mwandishi wa BBC Michael Buerk. Taarifa ilirushwa tarehe 23 Oktoba, vituo vya televisheni vya dunia nzima vikaichukua, na matokeo yake yakawa wimbo wa Band Aid mwezi Desemba na tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai 1985. Chakula kilifika. Watu walipona. Anayebeza kazi ile ya Amin hajui aliifanya kwa taabu gani. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, na bado akarudi kazini mpaka alipokufa kwenye ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro, Novemba 1996.

Lakini dunia iliyoziona picha zile ilisikia habari ya ukame kuliko ilivyosikia habari ya vita kati ya serikali ya Mengistu, mtawala wa Ethiopia wakati huo, na waasi wa kaskazini, vita ambavyo vilikuwa vimezuia chakula kuwafikia watu walewale. Waliolala Korem chini ya mablanketi wengi hawakuwa na jina wala kauli. Picha ilibeba uchungu, na sababu za uchungu zikabaki nje ya fremu. Ilichukua miaka mitano mpaka mashirika ya Ulaya yakakubaliana juu ya kanuni za picha na ujumbe, mwaka 1989, na mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na wenzake wakaweka katika kanuni zao kumi kwamba waathirika wa majanga waonyeshwe kama watu wenye utu wao.

Katikati ya miaka hiyo ikaja picha ya Ayod, kusini mwa Sudan, Machi 1993. Kevin Carter wa Afrika Kusini alimpiga mtoto aliyejikunja chini, na tai amesimama nyuma yake. New York Times iliichapisha tarehe 26 Machi ikisema ni mtoto wa kike aliyeanguka kwa njaa akielekea kituo cha chakula. Wasomaji wengi waliuliza: alifika? Baada ya siku chache gazeti likalazimika kutoa maelezo kwamba alipata nguvu ya kuendelea kutembea, ila halikujua kama alifika. Picha ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1994, na miezi michache baadaye Carter akajiua. Mwaka 2011 mwandishi wa gazeti la El Mundo la Hispania alikwenda Ayod akaitafuta familia. Mtoto alikuwa wa kiume. Alinusurika njaa ile, akakua, na akafariki kwa homa miaka mingi baadaye. Kwa miaka 18 dunia nzima ilimlilia binti ambaye hakuwepo. Wengi wamemhukumu Carter kwa kutombeba mtoto. Mimi jambo linaloniuma ni kwamba hakukuwa na mtu aliyemuuliza mama wa mtoto jina lake, na inaelekea mama alikuwa palepale karibu akipanga foleni ya chakula.

Mwaka mmoja baada ya picha ile ya Ayod ikawa zamu ya upande wetu wa ziwa. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya muda wa kama siku moja, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Wapiga picha wakubwa walikuja, Sebastião Salgado akiwa mmoja wao, na picha zake za Benaco, moshi wa majiko umetanda juu ya maelfu ya vibanda vya turubai, zinajulikana mpaka leo. Ukizitazama unaona uchovu, vikapu, watoto. Huwezi kuona nani alikuwa anakimbia mauaji ya halaiki na nani alikuwa ameyatenda. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komuni ya Murambi nchini Rwanda, aliishi kambini humo kama mkimbizi. Mwaka 2011 mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Wafanyakazi wa misaada walipotaka aondoke Benaco, Juni 1994, umati ulifanya fujo kumtetea. Neno "mkimbizi" chini ya picha liliwafunika wote kwa turubai moja. Lenzi peke yake haikuwa na uwezo wa kuwatenganisha, na siilaumu kwa hilo.

Halafu kuna filamu iliyopigwa hapahapa Mwanza, ambayo hakuna mpiga picha wa kanda hii anayeweza kuikwepa. *Darwin's Nightmare*, ya Mwaustria Hubert Sauper, ilitoka mwaka 2004, ikashinda tuzo ya César nchini Ufaransa na kuteuliwa kugombea Oscar mwaka 2006. Inahusu sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na kuwamaliza furu wengi, viwanda vya minofu vya Mwanza, na ndege za mizigo zinazochukua minofu kwenda Ulaya. Filamu inauliza kwa msisitizo kama ndege hizo zinakuja tupu au zinakuja na silaha. Haina msimulizi. Picha na mahojiano yanapangwa, na mtazamaji anaachwa aunganishe mwenyewe.

Sehemu iliyowachoma zaidi watu wa Mwanza ni ya mapanki. Mapanki ni mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki baada ya minofu kukatwa kiwandani. Katika filamu unaona malori yakimwaga mapanki, funza, nguzo za kuanikia mpaka mwisho wa upeo wa macho, na mwanamke aliyeharibika jicho kwa hewa kali ya samaki waliooza. Mtazamaji wa Paris anaondoka akiamini kwamba Ulaya inakula mnofu na Mwafrika anaachiwa uozo. Mwaka huo wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu filamu hadharani kwamba imeichafua nchi, na mwandishi wa habari wa Mwanza aliyehojiwa ndani yake akaingia matatani na polisi. Ufaransa kulisikika wito wa kususia sangara. Mwanahistoria François Garçon aliandika kitabu akidai filamu ni udanganyifu. Sauper akamshtaki kwa kumkashifu, na mahakama ya Paris ikampa Sauper haki mwaka 2008.

Mimi sijawahi kukubaliana na upande wowote kati ya hizo mbili. Mapanki yanaliwa Mwanza, hilo halina ubishi. Mapanki mabichi ya siku hiyohiyo yakikaangwa yakakauka vizuri ni kitoweo kinachonunuliwa mitaani na watu wa kipato cha chini, na wapo wanaoyapenda hata wakiwa na uwezo wa kununua kitu kingine. Mapanki yaliyooza huanikwa na kusagwa kuwa chakula cha kuku. Hizo ni biashara mbili zenye wanunuzi wawili. Filamu iliweka picha za moja karibu na picha za nyingine bila maneno ya kuzitenganisha, na waliokasirika wakajibu kana kwamba hakuna mtu anayekula mapanki kabisa, kana kwamba umaskini ulioonekana pale ulitengenezwa Ulaya. Mwanamke yule mwenye jicho bovu akapotea katikati ya kelele za wakubwa. Sentensi chache zingetosha: haya ni mapanki ya aina gani, yanauzwa shilingi ngapi, yanakwenda kwa nani, na aliyeyaanika analipwa nini kwa siku. Sentensi kama hizo zingeifanya filamu kuwa ngumu kuikanusha. Ndege zingebaki na swali lao, na funza wangebaki funza.

Mwandishi yule wa Mwanza ananirudia akilini kila nikisaini mkataba na mteja wa nje. Mtengeneza filamu alirudi kwao. Yeye nyumba yake ilikuwa hapa.

Nimesisitiza maneno mengi, kwa hiyo lazima niseme pia pale yanapotakiwa kupunguzwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mauaji ya watu wenye ualbino yaliikumba Kanda ya Ziwa, na serikali ikakusanya watoto wengi kwenye shule za bweni ili kuwalinda. Moja iko wilaya hiihii ya Misungwi. Wapiga picha walifurika kwenye shule hizo kutoka kila pembe, wengi wakiwa na nia njema kabisa, wakapiga uso wa mtoto na kuandika chini yake jina lake, jina la shule, na kijiji alikotoka. Yaani waliandika ramani kwa ajili ya mtu mbaya. Hapo maelezo mazuri ni yale yanayojua kunyamaza: jina la kubuni, mkoa tu bila kijiji, na taarifa wazi kwa msomaji kwamba jina limebadilishwa kwa usalama wa mtoto. Na kabla ya kutuma faili, angalia kama simu au kamera yako haijaandika ndani yake nukta za mahali ulipopigia. Simu nyingi hufanya hivyo zenyewe usipozizuia, na mtu anayeipokea picha anaweza kuzisoma kwa kubonyeza mara mbili.

Mtoto mwenye ualbino pia anataka mpiga picha anayejua mwanga. Jua linamuumiza macho na ngozi, fleshi inamkera. Mkalishe kivulini, mwache na kofia yake, fuata mwanga laini wa baraza. Kinyume chake ni mialoni, ambako dagaa walioanikwa mchangani wanameta mpaka kamera inadanganyika, inafunga mwanga, na uso mweusi wa mama anayewageuza unakuwa kivuli kisicho na macho wala mdomo. Pima mwanga usoni kwake, waache dagaa waungue weupe. Nimeona ripoti nzima za mashirika ambamo dagaa wana sura kuliko watu.

Sheria nayo siku hizi ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda faragha ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina Tume yake. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Wapiga picha wenzangu wachache wameisoma sheria hiyo, na ningeomba wengine nao waisome.

Ziwa hili lina misiba yake, na mpiga picha wa Mwanza ataitwa. MV Bukoba ilipinduka tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza na kuua watu zaidi ya 800. Wengi walizikwa Igoma. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa imekaribia kabisa gati la Bwisya kisiwani Ukara, na watu 228 wakafa. Picha iliyobaki kwenye kumbukumbu za watu ni tumbo la kivuko juu ya maji na mitumbwi imekizunguka. Ukiandika chini yake "Msiba mkubwa Ukerewe", umeandika kile ambacho kila mtu amekwisha kukiona. Ukiandika kwamba kivuko kiliidhinishwa kubeba abiria 101, na kwamba walioopolewa hai ni 41, picha ileile inageuka kuwa swali kwa wanaohusika. Kwa hesabu hiyo walikuwamo zaidi ya mara mbili ya waliostahili. Maiti hazina haja ya kuonekana ili hilo lieleweke. Simu za waliokuwa ufukweni zitakuwa zimeshapiga maiti kabla hujafika, na zitakuwa zimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla ndugu hawajaambiwa. Kazi yako wewe ni namba, majina ya walioruhusu, na uvumilivu wa kurudi baada ya arobaini.

Kurudi ndiko mashirika hayalipii, na ndiko kazi inakokamilika. Mwaka 2009 Boniface Mwangi wa Kenya alifanya jambo ambalo ningependa tulijifunze hapa. Alichukua picha za vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007, zake na za wenzake, akazitembeza mitaani mji kwa mji katika maonyesho aliyoyaita Picha Mtaani. Waliotazama ni walewale waliochoma na waliochomewa. Picha ilibidi isimame mbele ya watu wanaojua kilichotokea, na maelezo yake yakaguliwe na mashahidi.

Mimi nafanya kwa kiwango kidogo zaidi. Kabla ya kuondoka mahali, namsomea mtu maelezo nitakayoyaweka chini ya picha yake, kwa Kiswahili, hata kama mteja anayataka Kiingereza. Namsomea neno kwa neno, na namwomba arekebishe. Yule mama wa Kigongo nilimsomea sentensi yangu ambayo niliiona imekaa sawa: kwamba amekuwa akiuza samaki kwenye kivuko kwa miaka mingi na kwamba wateja wamepungua tangu daraja lifunguliwe. Aliisikiliza akigeuza sato. "Mbona hujaandika kwamba nilisomesha watoto kwa samaki hawa? Na kwamba nimenunua kiwanja? Unaniandika kama nilikuwa naomba." Kisha akaongeza la dada yake na Bugando. Nikamsomea tena, na akataka niondoe neno "masikini" ambalo halikuwamo. Alidhani lazima lingekuwamo.

Maelezo tuliyoyafunga pamoja yalikuwa haya: "Mfanyabiashara wa samaki akikaanga sato kwenye gati la zamani la Kigongo, Misungwi. Kwa mapato ya samaki kivukoni alisomesha watoto wake na kununua kiwanja. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, wateja wake wamepungua na anafikiria kuhamia barabara ya juu. Analisifu daraja kwa kuwa wagonjwa wa Sengerema sasa wanafika Hospitali ya Bugando bila kusubiri kivuko. Hakutaka jina lake lichapishwe." Ni marefu. Mhariri wa ripoti atataka kuyafupisha, na akifupisha atakata ama kiwanja ama wateja waliopungua, kulingana na ripoti inauza nini.

Kwa sababu hiyo mkataba wangu una kifungu kimoja ambacho sikiondoi hata mteja akipandisha malipo. Kinasema maelezo ya picha ni sehemu ya picha. Yanaweza kufupishwa kwa kupunguza maneno, lakini yasibadilishwe maana wala kuunganishwa na mradi ambao mtu aliyepigwa hakuambiwa habari zake. Na mabadiliko yoyote yatumwe kwangu kwa maandishi kabla ya kuchapishwa. Picha ikitumika kwa kampeni nyingine baada ya mwaka mmoja, ridhaa iombwe upya, na gharama za mimi kwenda kuiomba zilipwe na mteja. Wateja wawili watatu wamekikataa kifungu hicho, tukaachana kwa amani. Wengine wamekisoma, wakapiga simu kuuliza kina maana gani, na mazungumzo yale ya simu yamekuwa marefu na yenye faida kuliko hadidu zote za rejea walizowahi kunitumia. Ukianza kazi hii, kiandike kwa Kiswahili kwanza, upeleke kwa wakili akusaidie kukiweka sawa kisheria, na ukitie kwenye mkataba wako wa kwanza, wakati bado huna jina. Ukisubiri mpaka uwe na jina, utakuta picha zako nyingi zimeshasambaa na maneno ya watu wengine.